Mkuu wa rasilimali watu apimwe kwa orodha ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya safari ya kikazi ya mtendaji mmoja wa rasilimali watu katika kampuni ya mafuta. Makala iliandikwa kwa ufasaha, na sina kinyongo na mhusika, ambaye bila shaka amefika alikofika kwa jasho lake. Ninacholalamikia ni kwamba tulisimuliwa vyeo vyote alivyopitia, tangu afisa wa ajira hadi kiti katika menejimenti ya juu, tukasimuliwa na shahada na tuzo, lakini hatukuambiwa hata mara moja yaliyowapata wafanyakazi walioguswa na maamuzi yake. Kama angekuwa mtu wa benki au wa kampuni ya simu, pengo hilo lingevumilika. Katika mafuta halivumiliki, kwa sababu huko idara ya rasilimali watu ina mkono katika kuamua nani apumzike kwa saa ngapi, nani afundishwe nini, na nani athubutu kufungua mdomo anapoona hatari, na hayo ndiyo mambo yanayojirudia katika ripoti za uchunguzi wa maafa makubwa ya sekta hiyo.

Nieleze mapema ninakoegemea. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika utumishi kwa upande wa wakandarasi, nikipanga zamu na kuandaa mishahara ya mafundi, wachomeleaji na wapishi waliokuwa wakisafirishwa kwenda kufanya kazi kwenye majukwaa ya mafuta ya baharini. Kwa hiyo nimewafahamu wakuu wa rasilimali watu wa kampuni za mafuta kwa kutazama kutoka chini, na huenda jicho langu si la upole sana.

Ngazi yenyewe inajulikana. Kijana huajiriwa akiwa ametoka chuoni, huwekwa kwenye ajira au mafao, kisha hupelekwa kuwa mshauri wa utumishi wa meneja wa uzalishaji, halafu huhamishiwa nchi nyingine, na kila baada ya miaka michache hupewa kituo kipya chenye watu wengi zaidi. Akibahatika hufika kuwa mkurugenzi wa kanda, na hatimaye huketi meza moja na mkurugenzi mtendaji. Hapo ndipo ngazi hiyo huishia kwa kawaida, kwani kiti cha juu kabisa katika sekta hii kimezoea kukaliwa na wahandisi. Rex Tillerson aliingia Exxon mwaka 1975 akiwa mhandisi wa uzalishaji na akaiongoza ExxonMobil kuanzia mwaka 2006. Vicki Hollub, aliyekabidhiwa Occidental mwaka 2016 na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, naye alianzia kwenye uhandisi. Nje ya mafuta mambo yamelegea kidogo: Leena Nair alitoka kuwa mkuu wa rasilimali watu wa Unilever akaenda kuiongoza Chanel mwanzoni mwa mwaka 2022, na Mary Barra alisimamia rasilimali watu za General Motors kabla ya kukabidhiwa kampuni nzima mwaka 2014, ingawa naye, ukimchunguza vizuri, ni mhandisi.

Silitaji hili ili kumdunisha mhusika wenu. Nalitaja kwa sababu linaeleza shinikizo linalowakabili watu wa fani yake. Mtu anayefanya kazi katikati ya wahandisi, akijua kwamba wao ndio watakaompandisha au kumwacha, hujifunza haraka kuzungumza lugha ya gharama na takwimu, na hujifunza pia kutojitia katika mambo yanayoitwa ya kiufundi. Ratiba ya zamu, idadi ya wakufunzi na masharti ya mkataba wa mkandarasi huhesabiwa kuwa mambo ya kiufundi, ingawa ni mambo ya watu mwanzo hadi mwisho. Shell kwa miaka mingi iliwapima watumishi wake wanaotazamiwa kupanda vyeo kwa sifa iliyoitwa ya helikopta, yaani uwezo wa kuinuka na kuliona eneo zima bila kupoteza kilichopo ardhini. Ni kipimo kizuri. Tatizo ni kwamba wengi wa waliopanda kwa kipimo hicho na vinavyofanana nacho walijifunza kupaa kuliko kutua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Makala yenu ilisema kwamba mtendaji huyo anawajibika kwa maelfu ya wafanyakazi. Ni orodha ipi iliyotumika kuwahesabu? Katika kazi ya mafuta kuna orodha mbili za watu, na hazilingani. Ya kwanza ni orodha ya mishahara ya kampuni yenyewe, inayokaa makao makuu. Ya pili ni orodha ya walio kazini kwenye jukwaa au mtambo kwa siku hiyo, na kwa majukwaa ya baharini huanzia kwa abiria wa helikopta: jina, uzito wa mtu na mzigo wake, mwajiri wake, tarehe ya mwisho wa cheti chake cha mafunzo ya kujiokoa baharini, kitanda atakacholala na mashua ya kuokolea aliyopangiwa. Orodha hii haiwezi kudanganya, kwani king'ora kikilia ndiyo inayosomwa, na kila jina lisiloitikia ni mtu wa kutafutwa. Katika orodha ya pili, waajiriwa wa kampuni yenye kisima mara nyingi ni wachache. Waliobaki ni watu wa mkandarasi wa uchimbaji, wa mkandarasi wa saruji, wa tope la kuchimbia (majimaji mazito yanayosukumwa kisimani wakati wa kuchimba), wa kufunga vyuma vya kupandia mafundi, wa upishi na usafi, na wakati mwingine ni watu wa mkandarasi wa mkandarasi.

Maafa huwaangukia watu wa orodha ya pili. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini liliteketea na watu 167 wakapoteza maisha, na walio wengi kati yao walikuwa waajiriwa wa wakandarasi, si wa kampuni iliyokuwa ikiliendesha. Tarehe 23 Machi 2005 mlipuko katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, uliua watu 15 na kujeruhi wengine 180. Wote 15 walikuwa watu wa wakandarasi, waliokuwa ndani au karibu na ofisi za muda zilizoegeshwa jirani na mtambo ulioshindwa, na mtambo huo haukuwa hata sehemu ya kazi iliyowapeleka pale. Tarehe 20 Aprili 2010 chombo cha kuchimbia mafuta cha Deepwater Horizon kililipuka katika Ghuba ya Meksiko kikiwa na watu 126, na waajiriwa wa BP, yenye kisima, hawakufika kumi. Kati ya 11 waliokufa, tisa walikuwa wa Transocean, kampuni ya uchimbaji iliyokimiliki chombo hicho, na wawili wa kampuni iliyohudumia tope la kuchimbia.

Kwa hiyo mkuu wa rasilimali watu anayejisifu kwa orodha ya kwanza anaweza kuwa na rekodi safi kabisa, isiyo na kifo hata kimoja, huku watu wakifa kwenye visima vya kampuni yake. Rekodi hiyo itampandisha cheo, na hatakuwa amesema uongo wowote.

Kuna desturi moja iliyojulikana sana kwenye majukwaa ya Bahari ya Kaskazini kwa herufi tatu za Kiingereza, NRB, maana yake mtu huyo hahitajiwi kurudi. Fundi wa mkandarasi aliyeuliza maswali mengi kuhusu usalama, au aliyekataa kazi aliyoiona ya hatari, hakufukuzwa. Hakuitwa kwenye kikao cha nidhamu, hakupewa barua ya onyo, hakupata nafasi ya kujitetea. Msimamizi wa jukwaa alimwambia tu mkandarasi kwamba fulani asirudishwe, na safari iliyofuata jina lake halikuwamo kwenye orodha ya helikopta. Kwa upande wa kampuni ya mafuta hakukuwa na jalada lolote, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa wake, na kwa upande wa mkandarasi hakukuwa na la kufanya, kwa kuwa mteja amesema. Nilikotumikia mimi hali ilikuwa hiyo hiyo, ingawa haikuwa na jina. Ilikuja kwa simu fupi jioni, kwamba katika kundi la wiki ijayo tumbadilishe fulani, na sababu haikutajwa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mwingine mwenye cheti hai kabla ya asubuhi. Aliyekuwa upande wa pili wa simu hakuwa mtu wa rasilimali watu hata siku moja, na nina hakika wakubwa wao wa rasilimali watu wangeapa kwamba hawajawahi kusikia jambo kama hilo.

Sheria za Uingereza zililiona pengo hili. Kanuni zilizotungwa mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya Piper Alpha, ziliwapa watu wote wanaofanya kazi jukwaani haki ya kuchagua wawakilishi wao wa usalama bila kujali ni nani anayewalipa mshahara. Kwa maneno mengine, sheria ilichukua orodha ya pili. Ripoti ya Jaji Cullen ya mwaka 1990, iliyokuwa na mapendekezo 106, iliyatilia uzito mambo ya watu pamoja na mambo ya mabomba, na msomaji asiye mhandisi atashangaa ni kiasi gani cha mkasa ule kilikuwa cha makabidhiano ya zamu. Vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo na mahali pake pakafungwa kifuniko cha muda. Pampu ya pili ilipozima usiku, watu wa zamu mpya waliiwasha ile ya kwanza, kwa kuwa habari ya vali iliyoondolewa haikuwafikia, na kilichovuja pale kikalipuka. Nani aliyewafundisha namna ya kukabidhiana? Nani aliyepanga muda wa zamu mbili kukutana ana kwa ana, na nani aliyeulipia? Hayo ni maswali ya idara gani?

Texas City inauliza maswali hayo kwa sauti kubwa zaidi. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilieleza katika uchunguzi wake kwamba waendeshaji wa mtambo walikuwa wamefanya kazi zamu za saa 12 kwa siku 29 mfululizo au zaidi, na kwamba maandishi ya makabidhiano ya zamu yalikuwa mafupi mno kumwezesha aliyefuata kujua mnara wa kutenganishia mafuta ulikuwa umejazwa kiasi gani. Bodi hiyo ilieleza pia kwamba idara ya mafunzo ya kiwanda ilikuwa imepunguzwa, katika miaka iliyotangulia, kutoka watu 28 hadi 8. Fikiria, Mhariri, jinsi punguzo hilo linavyoonekana kwenye wasifu wa mtu: aliyefaulu kupunguza watumishi wa mafunzo kwa zaidi ya theluthi mbili na uzalishaji ukaendelea. Ni sentensi inayompandisha mtu cheo. Ilichukua mlipuko ndipo Taasisi ya Petroli ya Marekani ilipotoa, mwaka 2010, mwongozo wa kudhibiti uchovu wa wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha mafuta, wenye ukomo wa siku ambazo mtu anaweza kufanya kazi mfululizo. Ukomo wa aina hiyo unaweza kuandikwa na afisa utumishi yeyote mwenye kalamu na kalenda, bila kujua chochote kuhusu kemia.

Bonasi nazo ni kazi ya mezani kwa mkuu wa rasilimali watu, kwani yeye ndiye anayependekeza ni tendo gani lilipwe. Jopo lililoongozwa na James Baker, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, baada ya Texas City liligundua mwaka 2007 kwamba BP ilitegemea mno hesabu za majeraha ya mtu mmoja mmoja, kama kuteleza na kukatika vidole, kana kwamba hizo zinaonyesha usalama wa mitambo yenyewe. Miaka mitatu baadaye, siku Deepwater Horizon ilipolipuka, wakubwa wa BP na wa Transocean walikuwa ndani ya chombo hicho, na mojawapo ya mambo waliyokwenda kuyapongeza ni miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose kazi. Kisha mwaka 2011 Transocean iliwaarifu wanahisa kwamba, kwa vipimo vyake, 2010 ulikuwa mwaka wake bora kuliko yote kwa usalama, na viongozi wakapewa bonasi kwa msingi huo. Zogo lilipozuka walizitoa bonasi hizo kwa mfuko wa familia za marehemu. Aliyebuni kanuni ya hesabu iliyoweza kutoa jibu kama hilo katika mwaka wa vifo 11 hakuwa mhandisi wa visima.

Nigusie kidogo suala la kupunguza wafanyakazi, ambalo makala yenu ililitaja kwa maneno "aliongoza mageuzi wakati mgumu". Bei ya mafuta huanguka, na inapoanguka nyota za watu wa rasilimali watu hupanda, kwa sababu hapo ndipo wahandisi wanapowahitaji. Ilianguka mwaka 1986, ikaanguka 1998, ikaanguka kuanzia katikati ya 2014, na tarehe 20 Aprili 2020 mikataba ya mafuta ghafi ya Marekani ilifungwa kwa bei hasi ya dola 37.63 kwa pipa, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ili ayachukue. Mwaka huo BP ilitangaza kuondoa nafasi 10,000 na Shell ikatangaza hadi 9,000. Kufikia mwaka 2022 pipa lilikuwa limevuka dola 100 na sekta ilikuwa inalia kwamba haipati watu wenye ujuzi. Kuanguka kwa 1986 kuliacha pengo la kizazi, kwa kuwa kampuni ziliacha kuajiri vijana kwa miaka mingi, na wale wakongwe walipokaribia kustaafu pakawa hapana mtu wa umri wa kati wa kuwapokea. Mtu aliyesimamia punguzo la mwaka 1986 alikwisha kupandishwa mara kadhaa kabla pengo halijaonekana. Vituo vya miaka michache na madhara yanayochelewa miaka ishirini havikutani kamwe katika jalada moja la upimaji utendaji, na hili kwangu ni kasoro kubwa ya ngazi nzima, si ya mtu mmoja.

Sisemi kupunguza watu ni dhambi. Kampuni isiyopunguza inaweza kufa na watu wote. Ila upo upunguzaji unaotazama ni ujuzi gani haurudi ukiondoka, na upo upunguzaji wa asilimia sawa kila idara, ambao hauhitaji mtu mwenye elimu ya rasilimali watu, bali karani na kikokotoo. Ningependa kujua mhusika wenu alifanya upi. Ningependa kujua pia wakandarasi walihesabiwaje, kwa maana desturi ni kwamba wao huondolewa kwanza, kimya kimya, kwa kufuta mikataba, na hawatajwi katika takwimu za walioachishwa kazi.

Kwa haki yake, niseme pia kwamba nimekutana na watendaji wa utumishi waliojua kazi hii. Mmoja alikuwa na mazoea ya kuomba orodha ya helikopta kila wiki na kuiweka kando ya orodha ya mishahara, kisha kumpigia simu mkandarasi yeyote ambaye majina yake yalikuwa yakibadilika kupita kawaida. Hakuwahi kuandikwa gazetini na alistaafu akiwa meneja wa kawaida. Mafundi wetu walimjua kwa jina, jambo ambalo kwa mtu wa makao makuu si dogo.

Ombi langu, Mhariri, ni jepesi. Mtakapomhoji tena mtendaji wa aina hii, waandishi wenu wamwulize watu wangapi walikuwa kazini jana kwenye mitambo ya kampuni yake, na wangapi kati yao wako kwenye orodha yake ya mishahara. Wamwulize ni nani anayetia sahihi mtu anapotakiwa kuvuka ukomo wa siku za kufanya kazi mfululizo, na kama sahihi hizo humfikia. Wamwulize mfanyakazi wa mkandarasi aliyekataliwa kurudi ana mlango gani wa kukata rufaa, na mwaka uliopita wangapi waliupitia. Akiwa na majibu, makala itakuwa ndefu kuliko ile ya mwanzo, na naahidi kuisoma yote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa Utumishi Mstaafu